Picha Zilipoacha Kutetemeka

Katika hati ya makabidhiano niliyotia sahihi siku ya kustaafu, mkaguzi aliyetumwa kutoka makao makuu aliandika kwamba daftari jekundu, yaani daftari la picha za watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa vita, "halikukamilishwa kwa uzembe wa mhusika". Sababu yake ni mstari mmoja tu, wa picha ya kumi na saba, ambao safu yake ya mwisho haina kitu. Mhusika ni mimi. Nilimweleza mkaguzi kwamba katika miaka yote niliyotumikia Ofisi ya Picha na Sauti hapa Kamina sikuacha safu tupu kwa uzembe hata mara moja, na kwamba mstari ule una maelezo marefu. Alinijibu, akiwa ameshaifunga kalamu yake, kwamba fomu haina nafasi ya maelezo. Ninayaandika hapa, kwa ajili yenu mnaobaki na funguo.

Vyeo sitavitaja, vimo katika faili langu. Mishahara ya miaka ile sitaitaja pia, kwa kuwa kitu ambacho hakikuonekana hakiwezi kuwekewa kumbukumbu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana niliyetoka shule ya Wamethodisti na mwandiko mzuri na imani kubwa katika mihuri. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya jengo la wilaya. Kimoja kilikuwa na makabati na mashine ya kuandikia ya Mama Kalenga, dakitilo wetu. Cha pili kilikuwa cha fundi, Papa Ilunga, na humo ndimo nilimopelekwa siku ya kwanza ili, kama mkuu alivyosema, nijue ninachokiandikia.

Papa Ilunga alikuwa amejifunza ufundi katika karakana ya reli, na chumba chake kilinuka grisi. Katikati palikuwa na meza aliyoiunda mwenyewe. Juu ya meza palikuwa na vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba, na juu ya vyuma hivyo ubao uliotembea kwa biringi nne. Ubao ulivutwa na uzi wa kushonea nyavu, na uzi ulizungushiwa gurudumu la mashine ya kushona lenye mpini. Kamera ilining'inia juu, ikitazama chini. Uliiweka picha juu ya ubao, ukaifunika kwa kioo, ukazungusha mpini, na picha ikapita chini ya kamera. Kwenye televisheni iliyokuwa pembeni uliona uso wa mtu unakuja, au daraja linapita, kana kwamba kamera ndiyo iliyosafiri. Hatukuwa na njia nyingine ya kuitembeza picha iliyosimama.

"Weye njo karani mupya?" aliniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Kalamu iweke kwanza. Shika hapa."

Nilishika mpini nikazungusha. Kwenye televisheni picha iliruka, ikasimama, ikaruka tena.

"Unaivuta sawa muntu anavuta mbuzi," alisema. "Mbuzi anakataa, kisha anaruka. Foto usiivute. Anza pole, maliza pole, katikati usiwaze kitu."

Jambo la kutowaza kitu lilinichukua juma zima. Siku ya sita picha ilitembea chini ya mkono wangu bila mruko hata mmoja, na ninakiri kwamba furaha ile sikuipata tena katika kazi kwa miaka mingi. Siku ya saba tulikuwa na picha ya mkuu mpya wa wilaya, kwa ajili ya filamu ya mapokezi yake. Niliitembeza vizuri kabisa. Papa Ilunga aliangalia, akatikisa kichwa, akachukua mpini mwenyewe. Alizungusha laini kama mimi, kisha katikati ya safari akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole. Uso wa mkuu wa wilaya ukashtuka kidogo, ukaendelea.

"Sasa iko muzuri."

"Papa, imetikisika."

"Njo vile. Ule iko muzima."

Nilikuwa na daftari langu la siku, nililolianza asubuhi ya kwanza na ambalo ninalo hadi leo. Siku ya saba niliandika: "Fundi ana mzaha."

Ni lazima sasa nieleze kaseti za kilio, kwa kuwa bila hizo hamtaelewa yaliyofuata. Miaka ile familia za hapa mjini, za makarani, walimu na watu wa reli, zilianza desturi mpya. Siku ya kufunga kilio, jamaa wote wakiwa wamekusanyika uani, televisheni ilitolewa nje ikaonyesha picha za marehemu: kijana na sare ya shule, bwana arusi, mzee na fimbo. Kila picha ilikuja polepole kuelekea watazamaji, bila muziki, na sauti ikasoma jina lake, kijiji chake, baba yake na mama yake. Baada ya hapo watu walikula bukari, yaani ugali, wakatawanyika, na marehemu akahesabiwa kuwa ameagwa. Aliyetengeneza kaseti hizo alikuwa Papa Ilunga, Jumamosi alasiri, kwa meza yake lakini kwa kamera ya serikali. Mji mzima ulizisifu. Walisema picha zake zilikuja kama maji yanavyokuja.

Mimi sikuwahi kuitazama hata moja. Nilipoalikwa kwa jirani yangu aliyefiwa na mama yake, nililia nao siku zote tatu, lakini televisheni ilipowashwa niliinuka nikatoka uani, kwa sababu kamera ile ilikuwa na namba ya hesabu ya ofisi, na namba hiyo niliibandika mimi. Watu waliniona nikitoka. Nilitaka wanione.

Miaka miwili baadaye niliandika ripoti. Nakala iko katika kabati la pili. Ina aya mbili: ya kwanza inasema fundi anatumia vifaa vya umma kwa shughuli za watu binafsi, ya pili inasema, kwa maneno ambayo wakati ule niliyaona makali na ya haki, kwamba fundi "huipa ofisi kazi ya kutikisika na huwapa watu binafsi kazi laini". Papa Ilunga aliitwa akasomewa. Alipotoka alipita mezani kwangu.

"Uliandika muzuri," alisema. "Minyi siwezi kuandika vile."

Alihamishiwa ghala la makaratasi, na baada ya mwaka mmoja akapumzishwa, akaenda kutengeneza redio nyumbani kwake, karibu na njia ya reli, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka ofisini. Meza yake ilipelekwa stoo. Ufunguo wa chumba chake nilipewa mimi, na pamoja na ufunguo, kazi yake.

Kisha vita. Vilikuja mara ya kwanza vikapita, vikarudi na safari hii havikupita. Watu wa mtoni, wa Malemba-Nkulu na Mulongo, waliacha nyavu na mashamba ya mihogo wakaingia Kamina kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya mabehewa ya mizigo. Wengine walitawanyika njiani wakaishia Kaniama. Mume alikuwa hapa, mke kule, na kati yao palikuwa na treni ambayo haikujua yenyewe itatoka siku gani. Waliokuja kwetu, ambao kila mtu aliwaita badeplase, walilala katika hangari ya stesheni na nyuma yake.

Shirika moja la misaada lilikuwa na wazo zuri, na ninasema hivyo bila kejeli. Watumishi wake walipiga picha watu waliokuwa Kaniama wanaotafuta jamaa zao, wakatutumia picha hizo kwa bahasha, na sisi tukatakiwa kuzitia katika kaseti na kuionyesha hangarini. Kwa kazi hiyo walituletea kompyuta, ambayo sote tuliiita ordinatere, pamoja na skana, jenereta ndogo, na binti mmoja kutoka Lubumbashi aliyetufundisha siku tatu akatuachia kitabu kinene cha Kifaransa. Pembeni ya televisheni tuliweka meza, na juu ya meza daftari jekundu. Nililipiga mistari mwenyewe: namba ya picha, jina, kijiji, mahali alipo, na safu ya mwisho yenye kichwa "Amepatikana na nani". Aliyemtambua mtu wake alikuja mezani, jina lake likaandikwa hapo, na ujumbe ukaenda Kaniama kwa fonia, redio ya mawasiliano ya reli.

Kaseti ya kwanza ilikuwa na picha kumi na sita. Sikutaka ziwe zimesimama tu kama mabango. Nilitaka kila uso uwasogelee watu. Matokeo yake yalikuwa aibu. Picha zote zilitetemeka.

Kwa manufaa yenu nieleze kosa lilikuwa nini, maana bado ninaona baadhi yenu mkilirudia. Programu ya kuhariri hutaka uweke alama pale safari ya picha inapoanzia na alama nyingine pale inapoishia. Njia ya katikati huipigia hesabu yenyewe. Mimi sikuiamini. Niliweka alama kila sekunde, kwa mkono, nikiamini kwamba safari iliyoandikwa hatua kwa hatua haiwezi kupotea. Kila alama ilikosea kidogo, nukta moja juu, nukta mbili kushoto, na picha ikarukaruka kutoka kosa hadi kosa. Zaidi ya hayo niliziingiza picha kwa ukubwa wote ambao skana iliweza kutoa, nikidhani ukubwa ni ubora. Televisheni za siku zile hazikuchora picha nzima kwa mkupuo. Zilichora mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa. Kitu chembamba, kama mstari wa kitambaa cha kikwembe au ukindu wa mkeka, kikiangukia mstari mmoja peke yake huonekana na kupotea, huonekana na kupotea, na jicho husema kinatetemeka.

Hangari ilijaa. Watu walianza kucheka kabla ya picha ya tatu.

"Aba bantu banatetemeka," alisema mmoja.

"Iko homa."

"Homa gani? Ni baridi ya Kaniama. Kule kuko baridi, minyi nilifika."

"Weye ulifika wapi? Ulifika Luena ukarudi."

Nilisimama kando ya televisheni, nimevaa tai, nikitamani jenereta izimike. Lakini ni haki niandike pia kwamba jioni hiyohiyo, kabla jua halijatua, familia sita zilikuja mezani na majina sita yakaingia katika safu ya mwisho. Na alikuja mtu wa saba ambaye hakuwa na cha kuandika. Jina lake Banza, mvuvi wa Mulongo, mrefu, mwenye nywele nyingi zilizoanza mvi. Alikuwa anamtafuta mkewe, Masengo.

"Bibi yangu hayiko mule ndani," alisema. "Mukipata foto zingine, muniite. Niko nyuma ya hangari."

Nilimwomba radhi kwa ubovu wa picha.

"Hapana, shefu, hakuna kitu," alisema. "Hata akitetemeka, nitamujua."

Mkuu wangu wa wakati ule hakuwa mwepesi wa kusamehe kama Banza. Aliniita asubuhi akaniambia kwamba serikali imechekwa hadharani na wavuvi. Nilirudi katika chumba changu nikiwa na hasira ambayo ilinidumu majuma mawili na ambayo niliifurahia, kwa sababu ilikuwa hasira ya kazi. Nilisoma kitabu kile chote. Wakati huo bahasha ya pili ilikuwa imefika na picha tatu mpya, na ya kwanza kati yake, niliyoipa namba kumi na saba, ilikuwa ya mwanamke aliyekaa juu ya mkeka, amevaa kikwembe cha mistari, anatazama kamera kama mtu aliyeulizwa swali asilolipenda. Nyuma ya picha waliandika: Masengo, wa Mulongo.

Picha ile ilikuwa mbaya kuliko zote kuitembeza. Mkeka ulimemetuka, kikwembe kilimemetuka. Nilifuta alama zote nikabakiza mbili. Nilipunguza ukubwa wa picha hadi uzidi kidogo tu ule wa televisheni. Nilirekebisha mpangilio wa mistari ya witiri na shufwa, ambao tangu mwanzo ulikuwa kinyume. Niliitia ukungu mwembamba sana, usioonekana kwa jicho, ili kila mstari mwembamba uegemee jirani zake. Bado ilikuwa inaanza kwa mruko na kuishia kwa mruko. Hapo nikamsikia Papa Ilunga kichwani mwangu: anza pole, maliza pole. Programu ilikuwa na njia ya kufanya hivyo, nikaitumia, kisha nikazirudia na picha za kaseti ya kwanza kwa namna hiyohiyo. Kompyuta ilihitaji mchana kutwa kutayarisha dakika chache. Ilipomaliza niliwasha televisheni, na Masengo akaja kuelekea kwangu bila mtikisiko hata mmoja, akasimama kwa upole. Niliondoa na muziki wa redio tuliokuwa tumeuweka katika kaseti ya kwanza, niliouona haufai. Nilibakiza sauti yangu peke yake, ikisoma jina, kijiji, baba na mama.

Nilimwita Mama Kalenga aje aone. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, hadi mwisho.

"Shefu, hii iko sawa ya kilio."

"Mama Kalenga, hii ni kazi ya serikali."

"Najua ni ya serikali. Minyi nasema tu venye inatembea."

"Inatembea inavyopaswa kutembea."

"Ndiyo, shefu," alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Ningependa kuandika kwamba hakuna aliyenionya. Ingekuwa kumbukumbu ya uongo.

Onyesho la pili lilianza kwa kelele ya kawaida ya watu wanaotafuta mahali pa kukaa. Picha ya kwanza ilipokuja, kelele ilikatika. Wanaume walivua kofia. Wengi walikuwa wameziona nyuso hizo majuma mawili kabla, zikitetemeka, wakazicheka. Sasa walikuwa wanaziona zinakuja taratibu, katika ukimya, na majina ya wazazi wao yanasomwa.

"Sasa balitulia," alisema mama mmoja karibu nami.

"Balipumuzika," akajibu mwenzake.

Nilidhani wananisifu. Ilipofika ya kumi na saba nilimtafuta Banza kwa macho, kwa kuwa nilikuwa nimemtumia mtu wa kumwita na nilitaka kuuona uso wake. Alikuwa amesimama kwenye nguzo. Alimtazama mkewe akija hadi akasimama. Kisha aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa, akageuka, akatoka. Nilijiambia kwamba furaha humshika kila mtu kwa namna yake, na kwamba atarudi mezani akitulia. Hakurudi. Hakuna hata mmoja aliyekuja mezani siku ile. Ripoti yangu, ambayo mnaweza kuisoma, inasema: "Hadhira ilitulia na kuonyesha heshima kubwa. Kasoro ya mtetemeko imeondolewa kikamilifu."

Siku ya nne Mama Kalenga alikuja kazini, akakaa, akavua miwani.

"Shefu, kule kwa badeplase kuko vilio tatu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna muntu mwenye alikufa," alisema. "Ni bale ba kaseti."

Nilikwenda mbio, jambo ambalo mtumishi wa cheo changu hakutakiwa kulifanya barabarani. Familia mbili nilizikuta zimeketi chini, nikawaeleza. Mzee mmoja hakuniamini hadi nilipoapa kwa Biblia ya mkewe. Mahali pa Banza palikuwa na mkeka uliokunjwa na nywele chini, nyingi, nyeusi na nyeupe. Majirani walinieleza kwamba amelia siku tatu, amenyoa, na asubuhi ile kabla sijafika amechukua njia ya Mulongo. Kwetu kifo cha mke hakipelekwi kwa barua wala kwa mdomo wa mpita njia. Mume humwendea mkwe wake mwenyewe, akaketi mbele yake, akasema. Asipofanya hivyo, kifo kinakuwa juu yake. Mama mkwe wa Banza alikuwa amebaki mtoni, upande ambao hakuna mtu mwenye akili aliyekuwa akiuendea. Yeye alikuwa mtu mwenye akili. Alikwenda kwa sababu alikuwa na neno la kupeleka, na neno lile nilimpa mimi.

Niliomba fonia ya reli ipige kila kituo. Niliandika barua kwa kila mkuu wa sehemu niliyemjua, na kwa wengine ambao sikuwajua. Nakala zote zipo. Majibu yaliyokuja ni mawili: hajaonekana, hajaonekana.

Juma la tatu Masengo aliingia ofisini. Mmoja wa waliopatikana kwa kaseti ya kwanza alikuwa amemwambia kule Kaniama kwamba mumewe yuko Kamina, naye hakusubiri ujumbe wa mtu. Alipanda behewa la mahindi. Alikuwa amevaa kikwembe kile kile cha mistari. Nilimtambua kabla hajasema jina.

"Tata, balisema bwana yangu iko hapa."

Nilimpa kiti nikabaki nimesimama. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, bila kupunguza sehemu yangu. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Alinililia?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Na kichwa alinyoa?"

"Alinyoa."

Alitaka kutabasamu. "Hapendake kunyoa. Anasemaka kichwa yake iko mubaya." Kisha akasema, "Munionyeshe ile yenye aliona."

Niliwasha jenereta mwenyewe. Alijitazama akija kwenye kioo, taratibu, katika ukimya, huku sauti yangu ikimtaja baba yake na mama yake.

"Kweli," alisema. "Hata minyi ningelia."

Alasiri hiyo nilikwenda kwa Papa Ilunga. Zile dakika ishirini, ambazo sikuzitembea miaka mitano, zilinichukua zaidi ya saa, kwa kuwa mara mbili nilirudi nyuma. Nilimkuta ukumbini na redio iliyofunguliwa mapajani. Aliniacha niseme hadi mwisho, akiendelea kuchomelea.

"Nilikuambia siku ya kwanza," alisema.

"Ya saba, Papa. Niliandika kwamba ni mzaha."

"Minyi sifanyake mzaha na kazi." Alipuliza moshi wa risasi ya kuchomelea. "Mufu njo anatembea vile. Mufu haharakishe, hashituke. Muntu muzima, umugonge kidogo. Bantu baone iko na mwili."

Nilimwomba radhi kwa ripoti. Alisema ripoti ilikuwa ya kweli, kamera ilikuwa ya serikali. Alisema hivyo bila uchungu, na ingekuwa nafuu kwangu kama angesema kwa uchungu. Kisha akafunika redio, akavaa viatu, akaniuliza kama ordinatere nayo ina ubao wa kugonga.

Tuliifanya kaseti ya tatu pamoja. Alikaa kando yangu, mikono magotini, hakugusa kitu. Kila picha niliiacha na alama zake mbili, laini, kisha katikati ya safari nikatia alama ya tatu, nje ya mstari kwa nukta chache, na nyingine ya kuirudisha. "Zaidi," alisema. "Hapana, hiyo ni ajali. Punguza. Njo hapo." Sauti pia tuliibadilisha. Kabla ya jina tulisema: "Huyu ni mzima. Yuko Kaniama. Anakula." Hangarini watu walicheka tena, na baada ya kucheka wakaja mezani.

Kwa mujibu wa kanuni nilikuwa nimeiondoa picha ya kumi na saba, kwa kuwa mwenyewe alikuwa Kamina. Masengo aliona haimo akanifuata.

"Muirudishe."

"Lakini mama, wewe uko hapa."

"Minyi niko hapa. Yeye hayiko. Akipita siku moja, ataniona wapi?"

Niliirudisha. Ni kanuni ya kwanza niliyoivunja katika utumishi wangu, na sikuiandikia ripoti. Maonyesho yaliendelea hadi vita vilipotulia, na Masengo hakukosa hata moja. Alikaa benchi la mbele, akiipa televisheni mgongo, akitazama nyuso za watu. Papa Ilunga alizikwa hapa Kamina baadaye. Kaseti yake ya kilio niliitengeneza mimi, Jumamosi, kwa kamera ya serikali, na niliiandikia barua ya ruhusa nikaitia sahihi mwenyewe. Hakukuwa na mtikisiko.

Mkaguzi alipendekeza niandike katika safu ile "amefika mwenyewe", ili daftari lifungwe. Kichwa cha safu hakiulizi kama amefika. Kinauliza amepatikana na nani. Masengo anaishi nyuma ya stesheni, na kila mwanzo wa mwezi hupita ofisini kuuliza. Sasa atawauliza ninyi. Mpeni kiti. Safu msiijaze. Kaseti ya tatu iko katika kabati la chuma, rafu ya juu, na mtu yeyote atakayekuja kutoka upande wa mtoni akaomba kuiona, aonyeshwe bila fomu. Msiisafishe, hata kama mashine zenu mpya zinaweza. Banza alisema kwamba hata akitetemeka atamjua. Nimemwachia anatetemeka.